HAKIMU HUAMUAJE KESI?

Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuwasikia watu wakinung'unika sokoni au ndani ya matatu: "Ati yule mwizi ameachiliwa! Na kijiji kizima chajua ni yeye aliyevunja duka!" Papo hapo mwingine hudakia kwamba hakimu amekula mlungula. Sisemi kuwa hongo haijapata kuonekana mahakamani. Lakini mara nyingi sababu huwa nyingine: hakimu haruhusiwi kuamua kwa yale yanayojulikana kijijini. Huamua kwa yale yaliyothibitishwa mbele yake tu.

Hebu tutazame kesi ya wizi wa usiku. Mshtakiwa husomewa mashtaka. Akikana, mzigo wote wa kuthibitisha huwa juu ya upande wa mashtaka. Kifungu cha 50 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chasema achukuliwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Ana haki hata ya kunyamaza jii!

Mashahidi huitwa mmoja mmoja, na mshtakiwa au wakili wake huwahoji. Wakiisha, hakimu hupima kama kuna kesi ya kujibu. Kama haipo, mshtakiwa huenda zake nyumbani. Kama ipo, hupewa nafasi ya kujitetea.

Sasa tuseme shahidi ni mmoja tu, mwenye duka, naye aapa kwamba alimwona mshtakiwa kwa macho yake. Je, yatosha? Hakimu hapimi ukali wa sauti wala wingi wa machozi. Hujiuliza: Palikuwa na mwanga gani, wa taa au wa mbalamwezi? Walikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alikuwa akimjua tangu zamani? Alipopiga ripoti polisi, alimtaja, au jina lilimjia baadaye?

Maswali haya hakimu hayatungi kichwani mwake. Mwaka wa 1967, katika kesi ya Roria, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa kutambuliwa na shahidi mmoja tu. Shahidi aweza kuwa mkweli kabisa na bado akakosea. Nazo mahakama za chini hufuata maamuzi ya mahakama za juu.

Kisha kuna kipimo. Katika kesi ya jinai, hatia lazima ithibitishwe bila shaka yoyote ya maana. Shaka hiyo ikibaki, mshtakiwa ndiye hufaidika. Katika kesi ya madai, kwa mfano ugomvi wa deni, mizani ikielemea upande mmoja hata kidogo, upande huo umeshinda.

Mwishowe hakimu huandika hukumu: mambo yaliyobishaniwa, uamuzi wake na sababu zake. Huisoma mbele ya watu na kutia sahihi. Sababu hizo ndizo ngao yetu, kwani asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa, na jaji wa Mahakama Kuu huupima upya ushahidi wote.

Hata wakubwa hawakubaliani daima. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa urais, majaji 4 walikubali na 2 wakapinga. Wengi walishinda, lakini hata wale 2 walitoa sababu zao kwa maandishi.

Basi, msomaji mpenzi, utakapoona kundi likimtwanga mtu kwa mawe kwa kuwa mmoja amepiga kelele "Mwizi!", kumbuka kwamba hakuna aliyeuliza habari za taa, wala umbali, wala kama yule mpiga kelele aweza kuwa amekosea. Hukumu ya mahakama hukatiwa rufaa. Hukumu ya mawe haina rufaa; maji yakimwagika hayazoleki.