Chumvi ya Uvinza na figo za waliokulia na njaa

Dada yangu anauza chumvi ya Uvinza sokoni Mabanda. Kabla ya kununua gunia huionja kwanza, na nyumbani huimwaga kwenye maharage bila kupima. Sikuona ubaya. Kambini Mtabila, siku ambazo mgao ulikuwa umekwisha, tulichovya ugali kwenye maji ya chumvi tukashukuru Mungu.

Mwaka juzi miguu yake ilianza kuvimba. Zahanati moja ilimpima damu ikamwambia figo ni nzima. Miezi kadhaa baadaye daktari mwingine alimpima presha na mkojo. Presha ilikuwa juu na protini ilikuwa ikivuja kwenye mkojo. Figo zilikwisha kuanza kuchoka.

Kile kipimo cha damu hutazama kreatinini, taka itokayo kwenye misuli. Mtu aliyekonda ana misuli kidogo, basi taka yake nayo huwa kidogo, na figo mbovu huweza kuonekana nzima. Sisi wembamba tudai na mkojo upimwe.

Chanzo chenyewe kiko mbali. Figo moja ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja kwa wastani, na vyote hutengenezwa mtoto akiwa tumboni. Aliyezaliwa kwa miezi yake haongezi kingine. Mama akishinda na njaa, mtoto aweza kuzaliwa mdogo, na vichujio pungufu. Hivyo vichache hubeba mzigo wa vyote maisha yake yote. Chumvi ikizidi, mwili hushikilia maji, presha hupanda, navyo huchakaa mapema.

Wala si habari ya dada yangu peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Burundi mwaka 2016 na 2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Kuiacha kabisa si dawa, maana chumvi yenye madini joto hutukinga na uvimbe wa shingo.

Dada bado anauza chumvi. Kwake sasa hupima kwa kijiko. Shemeji analalamika maharage yamepooza, naye humsogezea ndimu.