Je, Wajua? Komini saba, kapu moja la kura
Je, wajua kwamba mkaaji wa Katuba na mkaaji wa Ruashi, komini mbili za Lubumbashi, huchagua wabunge wa taifa katika eneo moja? Nchini Marekani kila mbunge ana eneo lake, na mipaka huchorwa upya baada ya sensa ya kila miaka 10. Tanzania nako, “jimbo” ni la mbunge mmoja. Kwetu Kongo jimbo ni mkoa mzima, kama Haut-Katanga, na ndani yake mji mzima wa Lubumbashi, komini zote 7, ni eneo moja lenye viti kadhaa.

Mipaka ya eneo haiguswi. Kinachobadilika ni idadi ya viti. Kabla ya uchaguzi, jumla ya walioandikishwa na tume ya uchaguzi, CENI, nchini kote hugawanywa kwa viti 500 vya Bunge. Jibu ndilo kipimo: kila mji au teritori hupata viti kulingana na watu wake walioandikishwa, na hakuna inayokosa walau kimoja. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika 1984, kwa hiyo foleni ya kuandikishwa ina uzito mkubwa. Asiyepanga foleni ameupunguzia mji wake hesabu hata kabla ya siku ya kura.

Kwenye Seneti idadi ya watu haihesabiwi: kila jimbo lina maseneta 4, Kinshasa 8, nao huchaguliwa na wabunge wa majimbo.

Na mbunge akishachaguliwa Lubumbashi, kifungu cha 101 cha Katiba kinasema anawakilisha taifa zima.