Kumfikia Mkuu wa Taasisi Moja kwa Moja: Njia Zilizopo na Siku Zinazohesabika

Katika barua nyingi za kikazi nchini Tanzania, chini ya cheo cha anayeandikiwa huwekwa mstari mfupi unaosomeka “Kupitia Kwa”, ukifuatiwa na cheo cha msimamizi wa mwandishi. Mstari huo huonekana kama desturi ya masjala tu. Hata hivyo, ndio unaobeba swali ambalo wafanyakazi wengi hujiuliza wanapopatwa na jambo zito kazini: je, ni lazima jambo hilo lipite kwa meneja, au linaweza kupelekwa moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mtendaji, Katibu Mkuu au Mwenyekiti wa Bodi?

Jibu linategemea aina ya jambo lenyewe. Mambo ya kila siku ya kazi, kama vile likizo, zamu, vitendea kazi, posho au kuchelewa kupandishwa cheo, huanzia kwa msimamizi wa karibu. Yeye ndiye anayemfahamu mfanyakazi, na mara nyingi ndiye mwenye mamlaka ya kulimaliza jambo hilo siku hiyohiyo. Barua ya namna hiyo ikipelekwa juu bila yeye kujua, kwa kawaida ofisi ya mkuu humwandikia meneja ili atoe maelezo. Hivyo lalamiko hurudi palepale liliporukwa, likiwa limepoteza muda na kuacha kutoaminiana kati ya watu wawili wanaopaswa kufanya kazi pamoja kesho yake.

Hali huwa tofauti pale lalamiko linapomhusu meneja mwenyewe. Mfanyakazi anayeombwa rushwa ili apewe ajira ya kudumu, au anayenyanyaswa kijinsia na msimamizi wake, hawezi kutarajiwa kupitisha barua yake kwa mtuhumiwa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Taasisi ambayo taarifa zake zote hupita katika mlango mmoja huweza kugundua ubadhirifu au hatari ya usalama wakati madhara yamekwisha kutokea. Katika mazingira hayo, kwenda ngazi ya juu ya mtuhumiwa si utovu wa nidhamu.

Kwa taarifa zenye maslahi kwa umma, Bunge lilitunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Sheria hiyo inamlinda anayetoa taarifa kwa mamlaka husika kuhusu uhalifu au mwenendo mwingine mbaya, ili asifukuzwe, asisumbuliwe wala asilipiziwe kisasi. Kinga hiyo inaambatana na wajibu: mtoa taarifa awe na nia njema na sababu za msingi za kuamini kuwa anachokisema ni kweli. Anayetunga uongo ili kumkomoa mwenzake hana kinga hiyo. Taarifa za rushwa zinaweza pia kupelekwa TAKUKURU kwa kupiga simu namba 113 bila malipo.

Suala la mfanyakazi kumfikia kiongozi wa juu lina historia ndefu nchini. Mwaka 1970, Agizo la Rais Na. 1 lilianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, ili watumishi washiriki katika kupanga na kutathmini kazi. Mwaka uliofuata, Mwongozo wa TANU ulikemea viongozi wenye majivuno na waonevu, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliutumia kuwakabili mameneja wao, wakati mwingine kwa migomo.

Mabaraza hayo yangalipo. Katika utumishi wa umma yanaongozwa na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003. Humo wawakilishi waliochaguliwa na wafanyakazi, pamoja na wa chama cha wafanyakazi, hukaa meza moja na mkuu wa taasisi na kujadili bajeti, maslahi na mazingira ya kazi. Hii ni njia halali ya kulifikisha jambo la wengi kwa mkuu bila kumvizia kwenye korido, na bila mtu mmoja kubeba lawama peke yake.

Jambo ambalo huwagharimu wengi zaidi ni muda. Barua iliyoko mezani kwa mkuu haisimamishi siku zilizowekwa na sheria. Katika sekta binafsi, mfanyakazi anayepinga uhalali wa kuachishwa kazi anapaswa kufungua mgogoro katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyeachishwa kazi akakaa miezi miwili akisubiri huruma ya mwenye kampuni hulazimika kwanza kuiomba Tume imruhusu kufungua shauri nje ya muda, na sharti awe na sababu za kuridhisha.

Kwa mtumishi wa umma, marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliyofanywa mwaka 2016 yanamtaka amalize kwanza njia zilizomo katika sheria hiyo kabla ya kutumia zile za sheria za kazi. Asiporidhika na uamuzi wa mamlaka yake ya nidhamu, ana siku 45 za kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na kutoka hapo anaweza kukata rufaa kwa Rais. Kwa maneno mengine, sheria yenyewe inampa mtumishi njia ya kufika kwenye mamlaka ya juu kabisa nchini, ila kwa ngazi. Anayeruka ngazi huambiwa arudi alikotoka, na siku zake hazirudi naye.

Kwa sababu hiyo, mfanyakazi mwenye lalamiko anashauriwa aliandike kwa lugha ya staha, akitaja tarehe na matukio badala ya hisia, na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Asipojibiwa ndani ya muda wa kuridhisha, apande ngazi inayofuata akiambatisha barua ya kwanza. Inapobidi kumruka msimamizi, aeleze sababu katika aya ya kwanza.

Viongozi wa taasisi nao wana wajibu wao. Mkuu anayetoa uamuzi papo hapo kwa kusikia upande mmoja humnyima meneja haki ya kusikilizwa, na huwafundisha watumishi wengine kuwa ngazi za chini hazina maana. Anayekataa kabisa kupokea lalamiko naye hulisukuma kwenda barabarani au mahakamani. Njia iliyo salama ni kulipokea, kumsikiliza kila anayehusika na kutoa majibu kwa maandishi mapema, ili mlalamikaji ambaye hakuridhika awe bado na siku za kutosha kwenda mbele.