Mwaliko wa Toulon Ulipoangukia Ramadhani

Barazani kwetu Mji wa Kale mabishano hayangoji kualikwa. Mwaka 2017, Ramadhani ikiwa changa, tulikuwa tumekaa baada ya tarawehe, kahawa inazunguka, kijana mmoja akatuletea habari za kandanda. Kusini mwa Ufaransa, alisema, yanachezwa mashindano ya vijana ya mataifa kumi na mawili, na miongoni mwao wamo Indonesia, Bahrain na Ivory Coast. Sisi tulitaraji atutajie mabao. Mzee mmoja, aliyekuwa akivuta uradi wake kimya, akainua kichwa na kuuliza:

"Na hao watoto wanafunga?"

Baraza ikanyamaza. Hakuna aliyekuwa na jawabu, wala mimi sinalo hata leo, kwa kuwa saumu ni siri ya mja na Mola wake. Lakini swali lile halikunitoka, nikaanza kuyafuatia mashindano yale.

Toulon ni mji wa bandari, na ndiyo ngome kubwa ya manowari za Ufaransa katika bahari ya Mediterania. Mtu wa Kilindini hangepotea pale. Mashindano yake yalianza mwaka 1967, mwanzo yakiwa ya vilabu, yakasita, kisha yakarudi katika miaka ya sabini yakawa ya timu za mataifa. Siku hizi yanaitwa kwa jina la Maurice Revello, aliyeyashughulikia miaka mingi. Ajabu yake ni kwamba hakuna michezo ya mchujo ya kuingilia. Mwenyeji huchagua wageni wake, huwapelekea mwaliko, nao huja, kama watu wanavyoalikwa harusini.

Harusi hiyo lakini ina wanunuzi. Wakaguzi wa vilabu hukaa majukwaani wakitazama miguu ya watoto wa watu. Alan Shearer alifunga mabao saba huko mwaka 1991, kabla jina lake halijavuma. Riquelme wa Argentina alikuwa mchezaji bora mwaka 1998, na James Rodríguez wa Colombia mwaka 2011. Ureno ilipolitwaa kombe mwaka 2003 alikuwamo kijana wa miaka 18 aitwaye Cristiano Ronaldo, na kabla ya mwaka kwisha alikwisha kuwa Manchester United. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huku Toulon mgeni naye huja kutafuta kupona.

Sasa tazama hesabu ya mwaka ule wa 2017. Michezo ilikuwa ya dakika 80, si 90, na kila timu ilihakikishiwa mitatu tu ya kundi. Dakika 240, yaani saa nne, ndizo alizokuwa nazo mtoto kuonyesha alichojaaliwa. Mashindano yalianza tarehe 29 Mei yakaisha 10 Juni. Ramadhani ilikuwa imeandama siku chache tu kabla, kwa hiyo yote yalimezwa na mwezi mtukufu, na fainali ikaangukia katikati yake.

Tena si Ramadhani ya kwetu. Sisi hapa Mombasa tunafunga saa kumi na tatu na kitu, mwezi wowote ule. Kule Toulon mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa tatu usiku, na alfajiri huingia mapema mno, hata saumu ikawa ya saa kumi na saba hivi. Mchezo ukianza saa kumi na moja jioni, mfungaji bado ana zaidi ya saa nne kabla ya kuona tende. Nasi tulipokuwa chuoni tulicheza tukiwa tumefunga. Tulikuwa tukitoroka baada ya alasiri, ulimi umeganda kinywani, tunafukuza mpira mchangani mpaka karibu na adhana, kisha mbio kuoga baharini. Lakini hakuna aliyekuwa akitutazama ila maalim na bakora yake.

Barazani wengine walisema, jambo jepesi hilo, msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Ni kweli ana ruhusa. Ila sisi Mashafii, na watu wa Indonesia ni wenzetu katika madhehebu, twajua kwamba anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, ukiacha siku ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkaazi. Timu inayopiga kambi mahali pamoja wiki nzima imekwisha kuukata usafiri. Yule mzee wetu akaongeza la hamali: mbeba magunia hutia nia usiku kama watu wote, na mchana mashaka yakizidi kiasi, hufungua akalipa. Je, mpira ni gunia? Mimi si mufti na sitoi fatwa. Nasema tu kwamba swali ambalo wazee sita hawakulimaliza mpaka saa ya daku, huko liliachiwa mtoto wa miaka kumi na sita au ishirini, usiku, hotelini, mbali na babake.

Ninasema kumi na sita kwa sababu alikuwapo. Indonesia walipangwa na Brazil, Scotland na Jamhuri ya Cheki. Brazil iliwafunga bao moja tu, na hawakufika nusu fainali. Hata hivyo mtoto wao Egy Maulana Vikri, ambaye hajatimiza miaka 17, alitunukiwa zawadi ya chipukizi aliyewashangaza watu. Mwaka uliofuata alisajiliwa Poland na klabu ya Lechia Gdańsk. Saa nne zile zilimtosha.

Ivory Coast nao, waliokuwa wamelitwaa kombe hilo mwaka 2010, walikwenda mpaka fainali. Wakatoka sare 1-1 na Uingereza, ikaja mikwaju ya penalti, wakashindwa 5-3. Kesho yake vijana wengine wa Uingereza wakatwaa Kombe la Dunia la chini ya miaka 20 huko Korea Kusini. Nchi moja ina vijana wa kugawa mabara mawili. Nchi nyingine huwapeleka wote ilio nao.

Lawama yangu naielekeza kwa mwenye karamu. Ukimwalika mtu nyumbani kwako, huulizi kama ana mwiko? Kalenda ya mwezi yajulikana miaka mingi mbele. Na bado mwaka 2018 mashindano yalichezwa tena Mei 26 hadi Juni 9, ndani ya Ramadhani vile vile. Baadaye mwezi ukajiondokea wenyewe, kwa desturi yake ya kurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka, na hautaikuta Juni tena mpaka karibu mwaka 2050.

Hayo yote nilimweleza majuzi jirani yangu, ambaye mwanawe ana mguu wa kushoto unaosemwa mtaa mzima. Nikamwuliza: angealikwa mwezi wa Ramadhani, ungemruhusu? Akacheka, akaniongezea kahawa.

"Na aalikwe kwanza, Bwana. Daku nitamfungia mwenyewe."