Umeongeza RAM, Linux ikaanza kusumbua? Chunguza RAM kwanza

UMENUNUA kipande kipya cha RAM ili kompyuta yako iongeze kasi. Fundi amekipachika, kompyuta imewaka na mfumo wa Linux umekisoma. Siku mbili baadaye matatizo yanaanza: kivinjari cha intaneti kinajifunga chenyewe, skrini inaganda, na programu ulizozizoea zinagoma kufunguka.

Wengi wanaofikwa na hali hii huilaumu Linux na kuamua kuipachika upya. Uamuzi huo wa haraka unaweza kugharimu kazi ya miaka mingi.

Sababu ni kwamba kila faili unalolifungua na kulihifadhi hupitia kwenye RAM. Kipande kikiwa na kasoro, herufi au tarakimu inaweza kubadilika humo, kisha kosa hilo likaandikwa kwenye diski kana kwamba ndivyo ulivyotaka. Mara nyingi hutapata onyo lolote. RAM zinazoweza kugundua na kusahihisha makosa ya aina hiyo, ziitwazo ECC, hutumika zaidi kwenye seva kuliko kwenye kompyuta za kawaida.

Hata mabingwa hukumbwa na tatizo hili. Oktoba 2022, kompyuta ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ilianza kutoa makosa yasiyoeleweka. Awali alidhani kasoro imo katika toleo jipya la kaneli, yaani kiini cha mfumo, alilokuwa akilitayarisha. Ikabainika kuwa ni RAM iliyoharibika baada ya kutumika takriban miaka miwili na nusu.

Hivyo, jambo la kwanza ni kuzima kompyuta na kuondoa kipande kipya. Ukibaki na RAM ya zamani uliyoiamini, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Usiyanakili kipande kinachoshukiwa kikiwa bado ndani, na usifute nakala za zamani, kwani huenda ndizo pekee zilizo salama.

Pili, kagua upachikaji. Chomoa waya wa umeme, na kama ni laptopu inayotoa betri, itoe. Gusa chuma kwanza ili kuondoa umemetuli mwilini. Pachika kipande upya hadi vibanio vyake vifunge. Si mara chache tatizo zima huishia hapo.

Tatu, pima. Programu ya bure ya Memtest86+ hufanya kazi kabla Linux haijawaka, na mifumo mingi ya Linux huiweka kwenye orodha inayotokea wakati wa kuwasha. Toleo la 6, lililotoka mwaka 2022, hufanya kazi hata kwenye kompyuta zenye UEFI. Iache imalize angalau mzunguko mmoja kamili, na ikiwezekana iache usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kukikataa kipande hicho.

Pima vipande kimoja kimoja. Kikifaulu kwenye tundu moja na kushindwa kwenye jingine, shuku tundu. Vikifaulu kila kimoja peke yake lakini vikashindwa pamoja, huenda havipatani kwa kasi. Ingia kwenye BIOS, zima mpangilio wa XMP kama umewashwa, kisha upime tena.

RAM ikishafaulu vipimo vyote, ndipo uigeukie Linux. Fungua terminali na uandike free -h. Kiasi kikipungua kidogo kuliko ulichonunua, usishtuke: sehemu hutengwa kwa ajili ya picha za skrini na kwa kaneli yenyewe. Kikiwa karibu GB 3 wakati umeweka GB 8, andika uname -m. Jibu likiwa i686, unatumia kaneli ya biti 32, na huenda ndiyo inayozuia kiasi kilichobaki.

Kama kompyuta inashindwa kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski, tazama ukubwa wa eneo la swapu. Swapu ya GB 4 iliyotosha zamani inaweza kuzidiwa sasa ukiwa na RAM ya GB 16.

Mwisho, tengeneza akaunti mpya ya mtumiaji. Ikifanya kazi vizuri wakati ya zamani inasumbua, huenda mafaili ya mipangilio katika akaunti yako yaliharibika. Hapo unarekebisha mipangilio hiyo tu, wala huna haja ya kufuta mfumo mzima.

Kipande kikithibitika kibovu, piga picha ya skrini yenye mistari myekundu ya Memtest86+ na urudi nayo kwa muuzaji. Ni ushahidi mzito kuliko kumwambia tu kwamba kompyuta inaganda.