UNYUMBA SI BIDHAA

Umezuka mtindo wa mume au mke kuketi mbele ya kamera za televisheni na kusimulia, kwa majina na kwa mahali, jinsi mwenzake alivyotoka nje ya ndoa. Mtangazaji huuliza, msimuliaji hulia, watazamaji hucheka, kisha hupita tangazo la sabuni. Kisa kinachosimuliwa Dar es Salaam huweza kutazamwa siku hiyo hiyo kwenye simu za mikononi hapa Kamuli, wilayani Kyerwa. Tunadhani wakati umefika wa kulisema jambo hili bila kumung'unya maneno.

Mtindo huu haukuzaliwa kwetu. Huko Marekani kipindi cha Jerry Springer kilijipatia watazamaji kwa magomvi ya namna hiyo tangu mwaka 1991 hadi 2018. Huko Afrika Kusini, tangu mwaka 2019, kipindi cha Uyajola 9/9 huwafuata wapenzi wanaoshukiwa na kuwafumania mbele ya kamera. Jirani zetu wa Kenya wanacho kipindi cha redio kiitwacho Patanisho, cha Radio Jambo, ambacho humpigia simu mwenzi aliyekosana na mwenzake huku umma ukisikiliza. Nia ya kipindi hicho ni kupatanisha, na hilo si jambo baya. Lakini anayepigiwa huweza kujikuta akijibu mashtaka ya chumbani mbele ya watu asiowajua, wala hakupewa nafasi ya kujiandaa.

Madhara yake yameonekana. Mwezi Mei 2019, kampuni ya ITV ya Uingereza ilikifuta kipindi cha Jeremy Kyle, kilichokuwa hewani tangu mwaka 2005. Mwanamume mmoja aliyetuhumiwa kutokuwa mwaminifu kwa mchumba wake alipimwa humo kwa mashine ya kutambua uongo, akaambiwa ameshindwa, na siku chache baadaye akafariki. Mashine hiyo hupima pumzi, jasho na mapigo ya moyo. Haina uwezo wa kupima ukweli. Uchunguzi wa kifo hicho, uliomalizika mwaka 2024, haukuthibitisha kwamba kipindi ndicho kilichosababisha kifo, nasi hatusemi hivyo. Lakini Waingereza hawakungoja vifo vingine: mwaka 2021 walianza kutumia kanuni mpya za kuwalinda watu wanaoshiriki katika vipindi.

Sisi hapa tunayo kinga yetu. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatamka kwamba kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na unyumba wake. Neno unyumba limo humo. Na unyumba hauna mwenyewe mmoja. Anayesimulia aibu ya ndoa yake hutoa fungu lake pamoja na mafungu ya wengine: la mwenzake asiyekuwapo, la wazazi wa pande zote mbili na la watoto. Mtoto wa shule ya msingi hakuulizwa kama anaridhia mama yake ajulikane kijiji kizima kwa kosa lake. Kesho yake ndiye atakayezomewa njiani akienda kuchota maji, na picha zile zitakuwapo hata siku atakapotaka kuoa.

Hata hivyo, tusieleweke kwamba tunawaambia walioumizwa wanyamaze. Mkoa wetu wa Kagera unajua gharama ya kunyamaza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania, watu watatu, walitambuliwa katika mkoa huu mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata, aliyeficha nyendo zake za nje alimzika mwenzake, kisha naye akazikwa, na wajukuu wakaachwa mikononi mwa bibi zao. Ndiyo maana sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka aliyepimwa na kujua ana maambukizi amweleze mwenzi wake mara moja, na papo hapo inawataka watoa huduma waitunze siri yake. Tuutazame vizuri mpango huo. Ukweli unapelekwa kwa mwenye haki ya kuujua, wala haupelekwi sokoni. Hiyo ndiyo tofauti ya kuficha na kusitiri.

Dini zetu nazo zimekwisha kuliona jambo hili. Kurani, katika Sura ya An-Nur, inamtaka anayemtuhumu mwanamke mwenye staha alete mashahidi wanne, la sivyo aadhibiwe yeye. Injili ya Mathayo inamwelekeza aliyekosewa amwendee kwanza mkosaji wakiwa wawili tu. Asiposikilizwa ndipo achukue mashahidi.

Sasa tujiulize: kwa nini mtu aliyejaliwa wazee, majirani na viongozi aiache njia hiyo akaenda kulia mbele ya kamera? Jibu linatuhusu sisi viongozi kuliko linavyowahusu watangazaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka Mabaraza ya Usuluhishi, na kwa kawaida shauri la talaka halipokelewi mahakamani mpaka baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Sheria hiyo hiyo inampa mume au mke haki ya kumdai fidia aliyezini na mwenzi wake, na inakataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Haki hizo zipo. Lakini mwanamke anayefika barazani akaambiwa avumilie kwa kuwa wanaume ndivyo walivyo, au akakuta mwenyekiti ni ndugu wa mumewe, au siri yake ikamtangulia kilabuni kabla hajafika nyumbani, mwanamke huyo amefungiwa mlango. Akitokea mtangazaji wa kumsikiliza kwa nusu saa, tusimshangae akimfuata. Mwanamume anayechekwa barazani kwa kuwa mkewe kamshinda, naye hali yake ni hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, wajumbe wa mabaraza wachaguliwe kwa kifua cha kutunza siri, wawemo wanawake, na mjumbe mwenye udugu na upande wowote akae kando. Pili, vituo vya utangazaji viwafundishe wananchi sheria hizi na mahali pa kuzipata. Kikiwapo kisa cha kufundishia, majina, sura na sauti zifichwe, na asiyekuwapo asihukumiwe. Pale kituo kinapokiuka kanuni, mwananchi apeleke malalamiko yake Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, yenye Kamati ya Maudhui. Tatu, sisi watazamaji tukumbuke kwamba kinachouzwa pale ni macho yetu: tangazo la sabuni hulipiwa kwa hesabu ya watu waliokaa kutazama machozi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba binadamu hapaswi kumnyonya binadamu mwenziwe. Kuuza uchungu wa ndoa ya mtu ili kupata faida ni unyonyaji, hata kama mwenye uchungu amekubali. Mabaraza yetu yakisikiliza kwa haki na kutunza siri, wachache watakuwa na sababu ya kuifuata kamera.