Miezi Sita ya Warumi na Miaka Kumi Yetu

Apitaye Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo, hupita palipozaliwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Kiongozi wake, Mwalimu Julius Nyerere, alitoa mwaka 1963 tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Twaona habari hiyo yawahusu vijana wetu kuliko wadhanivyo.

Warumi wa kale, hatari ilipowafika, walimpa mtu mmoja amri yote, lakini kwa miezi sita tu. Yasimuliwa kwamba Cincinnatus, mwaka 458 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alishinda vita, akaiacha amri hiyo siku ya kumi na sita, akarudi shambani kwake.

Katiba ya Tanzania nayo iliwekewa mpaka mwaka 1984: Rais asizidi vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Mwalimu akang'atuka mwaka 1985, na Ali Hassan Mwinyi, aliyemfuata, akatimiza kumi yake mwaka 1995, akaondoka. Cincinnatus alisifiwa kwa moyo wake. Sisi twapenda zaidi mpaka ulioandikwa.

Lakini hata Roma mpaka ulikuwako. Mwaka 44 wazee wa baraza wenyewe ndio waliompa Caesar amri ya maisha, na mwezi Machi baadhi yao wakamwua kwa majambia.